SAMAKI WA SIKI NA SUKARI



Askari waliopata kupelekwa masomoni katika nchi za kaskazini ya Ulaya hurudi na hadithi ambayo jamaa zao huisikiliza kwa mashaka: ya kwamba huko watu wenye heshima zao, tena katika siku za sikukuu, huketi mezani wakala samaki ambaye hakuuona moto hata kidogo. Amelowekwa katika siki. Na katika siki hiyo mmetiwa sukari, si ya kuonja tu bali nyingi, kama ya kupikia maandazi. Bibi wa nyumba akisikia hayo huguna, kisha huuliza swali lililo la haki kabisa: samaki huyo haozi?

Swali hilo ndilo shabaha yetu wiki hii. Samaki anayesemwa ni heringi, na maelezo ya kumtayarisha yanapatikana katika vitabu vingi vya mapishi. Mpishi hodari wa kwetu akiyasoma huona kwamba vitu vyote anavyo: siki, sukari, vitunguu, karoti na viungo. Kilichopungua ni heringi tu, naye huona si taabu kuweka sato au samaki mwingine badala yake. Hapo ndipo penye hatari. Upishi huo una mlinzi ambaye vitabu vingi havimtaji kwa urefu, kwa kuwa mpishi wa huko amekwisha kumkuta kazini kabla hajaanza kupika. Asiyemjua mlinzi huyo aweza kuwapa watoto wake samaki mbichi mwenye ladha nzuri, akidhani amewapa samaki aliyehifadhiwa.

Kwanza tumjue samaki mwenyewe. Heringi huishi katika bahari ya Atlantiki ya kaskazini na katika bahari ya Baltiki. Ni samaki wa rangi ya fedha, na urefu wake aghalabu ni sentimita 20 hadi 30. Wale wa Baltiki ni wadogo zaidi, nao Waswidi huwapa jina lao la peke yao. Hutembea kwa makundi makubwa mno, na nyama yake ina mafuta mengi. Msomaji wa Kigoma, Bujumbura, Uvira au Kalemie asidhani anasimuliwa habari za kiumbe mgeni kabisa, maana dagaa wa Ziwa Tanganyika ni wa jamaa moja na heringi. Wataalamu huwaweka katika ukoo mmoja. Ndugu zao wa ziwa hilo hilo walihamishiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na huko hujulikana kwa jina la isambaza. Lakini dagaa wa Ziwa Viktoria, yule aitwaye mukene huko Uganda na omena huko Kenya, hayumo katika ukoo huo ijapokuwa sura zao zafanana. Yeye ni wa ukoo mwingine.

Mafuta ya heringi ndiyo utamu wake, na ndiyo msiba wake pia. Samaki mwenye mafuta huchacha upesi. Avuliwapo kwa maelfu kwa usiku mmoja, watu wa pwani hawawezi kumla wote akiwa bado mbichi, na katika nchi yenye mawingu na unyevu mwingi hawawezi kumwanika juani kama wafanyavyo wavuvi wetu. Dawa yao ilikuwa chumvi. Katika karne za kati heringi wa Skåne, nchi ambayo leo ni ya Uswidi ya kusini, alikutana na chumvi iliyotoka Lüneburg katika Ujerumani, na wafanyabiashara wa mji wa Lübeck wakatajirika kwa kuwaunganisha wawili hao. Waholanzi nao wana masimulizi ya mtu aitwaye Willem Beukelszoon wa Biervliet, aliyeishi katika karne ya 14, ambaye humsifu kwamba ndiye aliyewafundisha kumtoa heringi mashavu na sehemu ya matumbo mara avuliwapo, kisha kumpanga ndani ya pipa kwa tabaka, samaki na chumvi, samaki na chumvi. Kongosho huachwa ndani kwa makusudi, kwa sababu maji yake huilainisha nyama polepole na kuipa ladha.

Pipa hilo la heringi wa chumvi lilikuwa posho ya majeshi, na hapa wasomaji wetu walio kazini watatusamehe tukikaa kidogo. Tarehe 12 Februari mwaka 1429, Waingereza walipokuwa wameuzingira mji wa Orléans katika Ufaransa, msafara wa magari ya kukokotwa ulikuwa njiani ukiwapelekea chakula askari wao. Siku za Kwaresima zilikuwa zimewadia, na Wakristo wa wakati ule hawakula nyama katika siku hizo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo ilikuwa mapipa ya heringi. Karibu na kijiji cha Rouvray walivamiwa na jeshi la Wafaransa na Waskoti lililowazidi kwa wingi. Mkuu wa msafara, Sir John Fastolf, aliamuru magari yapangwe kuwa boma, nguzo zilizochongwa ncha zikasimikwa mbele, na wapiga mishale wakajipanga nyuma yake. Mizinga ya Wafaransa ilipasua mapipa, samaki wakatapakaa uwanjani, lakini boma halikuvunjika na chakula kilifika. Hadi leo vita hivyo huitwa Vita vya Heringi. Mwanajeshi atakayeuliza kwa nini habari za posho ziandikwe katika ukurasa wa jikoni atakuwa amepata jibu lake.

Na mji wa Leiden katika Uholanzi haujasahau tarehe 3 Oktoba 1574. Wahispania walikuwa wameuzingira kwa miezi mingi, njaa na maradhi vikaua maelfu. Waholanzi walikata kingo za bahari, maji yakaifunika nchi, na merikebu zao zikaja juu ya mashamba mpaka penye mji. Wahispania walikimbia. Waokozi walipoingia waliwagawia watu mikate myeupe na heringi, na kila mwaka tarehe hiyo wakazi wa Leiden hugawiwa mikate na heringi vile vile kwa ukumbusho.

Basi, mlinzi tuliyemsema hapo juu ndiye huyo: chumvi. Heringi anayelowekwa katika siki na sukari si samaki aliyetoka baharini jana. Ni samaki aliyekwisha kukaa ndani ya chumvi kali kwa majuma au miezi, mpaka nyama yake imepoteza maji mengi, imekazana, na vijidudu vya uozo vimeshindwa kustawi ndani yake. Sukari ilikuja baadaye sana. Zamani sukari ya miwa ilikuwa bidhaa ya ng'ambo, ya matajiri. Mwaka 1747 Mjerumani Andreas Marggraf aligundua kwamba kiazi cha bitiruti kina sukari ile ile iliyomo katika muwa. Mwaka 1801 mwanafunzi wake, Franz Achard, alianzisha kiwanda cha kwanza cha sukari hiyo huko Silesia. Na katika karne ya 19 sukari ikashuka bei hata ikaingia katika majiko ya watu wa kawaida. Ndipo mama wa nyumba aliyechoshwa na samaki wa chumvi wa kila siku alipoweza kumgeuza kuwa kitoweo cha sikukuu.

Sasa upishi wenyewe, kama ufanywavyo Uswidi. Huko huliwa wakati wa Krismasi, Pasaka, na hasa katika sikukuu ya katikati ya kiangazi, mwezi wa Juni, jua linapokawia kutua na viazi vipya vinapochimbwa. Ziko namna nyingi, za haradali, za krimu, za vitunguu. Sisi tumechagua ile ambayo jina lake kwa Kiswidi maana yake ni "heringi wa fundi wa vioo", kwa kuwa hupangwa ndani ya chupa ya kioo akaonekana kwa nje kama pambo.

Chukua minofu ya heringi wa chumvi, kiasi cha nusu kilo. Iloweke katika maji baridi, mahali pa baridi, kwa muda wa saa 8 hadi 12, ukibadili maji mara moja au mbili. Onja kipande kidogo: chumvi isikie, lakini isiukaze ulimi. Wakati huo tengeneza maji ya kulowekea. Kanuni ya Waswidi ni moja, mbili, tatu: kipimo kimoja cha siki, viwili vya sukari, vitatu vya maji. (Askari hatapata shida kuikumbuka, ameihesabu mara nyingi uwanjani.) Chemsha mpaka sukari iyeyuke, kisha ipua uache yapoe kabisa. Neno "kabisa" lisomwe mara mbili. Ukimimina maji yenye moto juu ya heringi, nyama ya juu itaiva nusu na kuwa na rangi ya chokaa, na ile ulaini inayotafutwa itapotea.

Kata minofu vipande vya upana wa vidole viwili. Kata karoti moja na kitunguu chekundu kimoja duara nyembamba. Katika chupa pana ya kioo panga tabaka la samaki, tabaka la kitunguu, tabaka la karoti, ukitupia jani la laureli, lile kavu liuzwalo katika pakiti, pamoja na punje kumi hivi za kiungo cha Jamaica. Kiungo hicho si pilipili manga ijapokuwa punje zafanana. Harufu yake ni kama karafuu, mdalasini na kungumanga vimepondwa pamoja, na asiyekipata aweza kutumia karafuu mbili na pilipili manga chache. Mimina maji yako yaliyopoa mpaka yafunike kila kitu. Funika, weka ndani ya jokofu, usiguse kwa siku mbili au tatu. Huliwa baridi, pamoja na viazi vya kuchemsha, krimu iliyochachuka na mkate mkavu wa shayiri nyeusi. Kwa ladha yetu sisi, mara ya kwanza hushangaza. Mara ya pili mtu hujikuta ananyosha uma kabla ya kukaribishwa.

Kazi ya sukari hapo ni ipi? Wengi hudhani kwamba sukari nyingi namna hiyo ndiyo inayohifadhi, kama katika jamu. Hebu tupime. Katika jamu iliyopikwa vizuri sukari hufikia kadiri ya theluthi mbili za uzito wote, na ni wingi huo unaowanyima vijidudu maji. Katika kanuni ya moja, mbili, tatu sukari haifikii hata theluthi moja, na samaki akitiwa hupungua tena. Kwa hiyo sukari inasaidia kidogo kuikaza nyama, lakini kazi yake kubwa ni kuutuliza ukali wa siki na kuunganisha ladha ya chumvi na ya mafuta. Bibi anayeongeza sukari kwa kudhani samaki atakaa muda mrefu zaidi anapoteza sukari bure. Na anayepunguza siki kwa sababu watoto hawapendi ukali anafanya jambo baya zaidi, maana ameondoa mlinzi wa pili.

Huyo mlinzi wa pili anahitaji hesabu, na hesabu hii haimo katika vitabu vinavyoandikwa kwa wapishi wa Uswidi. Siki wanayoitumia wao kwa upishi huu ni ya asilimia 12. Siki iliyo katika maduka yetu mara nyingi ni ya asilimia 4 au 5. Soma lebo ya chupa. Mpishi akichukua siki ya asilimia 5 na kuichanganya na maji mara tatu yake, amepata kitu ambacho ukali wake haufikii hata nusu ya kile kilichokusudiwa. Kitanukia kama siki, kitaonja kama siki, lakini hakina nguvu. Anayetaka kufikia nguvu ile ile kwa siki ya asilimia 5 achukue vikombe 3 vya siki, vikombe 2 vya maji, na vikombe 2 na nusu vya sukari. Kama siki ni ya asilimia 4, apunguze maji yawe kikombe kimoja tu na sukari vikombe 2. Na iwapo mtu ataletewa kutoka safari kichupa cha kiini cha siki, kile kikali sana kinachopaswa kuzimuliwa, akiweke mbali na watoto kama awekavyo mafuta ya taa. Kinaunguza koo na macho.

Tena, chombo. Siki huila aluminiamu, na sufuria nyingi za nyumbani ni za aluminiamu. Chemshia katika sufuria ya enameli isiyobanduka au ya chuma kisichoshika kutu, na ulowekee katika kioo au bakuli la udongo lililong'arishwa. Chupa na kifuniko vioshwe kwa sabuni, kisha vichemshwe kwa muda wa dakika kumi.

Tumefika penye jambo zito. Ndani ya heringi na samaki wengine wengi wa baharini huwamo mnyoo mdogo, mweupe, aliyejikunja kama waya wa saa. Wataalamu humwita anisakisi. Mtu akimla akiwa hai, mnyoo huyo hujaribu kujipenyeza katika ukuta wa tumbo, na maumivu yake ni makali hata mgonjwa hudhaniwa ana kidonda cha tumbo au kidole tumbo. Waholanzi, wapenzi wakubwa wa heringi aliyetiwa chumvi kidogo, ndio waliopata taabu hiyo. Kati ya miaka ya 1955 na 1960 madaktari wao waliugundua ugonjwa huo kwa watu waliokuwa wamemla heringi. Siki ya mezani haimwui mnyoo huyo upesi. Aweza kukaa ndani yake siku nyingi akiwa hai. Chumvi kali ya muda mrefu humwua. Chumvi kidogo haitoshi. Mwaka 1968 Uholanzi ilitoa amri kwamba heringi wa kuliwa bila kupikwa lazima kwanza agandishwe, na ugonjwa ukapungua sana. Sheria ya nchi za Umoja wa Ulaya hutaka samaki wa namna hiyo akae katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, mpaka katikati ya nyama, kwa muda usiopungua saa 24.

Sasa mtazame mpishi wetu aliyenunua sato asubuhi sokoni, akamkata vipande, akammiminia siki ya asilimia 5 iliyozimuliwa, pamoja na sukari nzuri na karoti za kupendeza. Chumvi ya miezi haipo. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri haipo, kwani kile kijisanduku cha barafu kilichomo katika majokofu mengi ya nyumbani hakifikii baridi hiyo, na umeme ukikatika ndiyo basi kabisa. Siki yenyewe ni dhaifu. Samaki wa maziwa na mito nao wana minyoo yao, mbali na vijidudu vinavyotoka katika maji machafu, kwenye mtumbwi na juu ya meza ya muuzaji. Nyama itageuka nyeupe, kwa sababu siki huibadili kama moto uibadilivyo, na macho yatadanganyika kwamba ameiva. Hakuiva. Tunasema bila kuzunguka: samaki mbichi wa sokoni asilowekwe katika siki nyumbani kwa ajili ya kuliwa bila kupikwa. Mama mwenye mimba, mtoto mdogo na mgonjwa wasimwonje kamwe.

Je, utamu huo ndio tuuage? La. Hao hao watu wa kaskazini wana njia nyingine, nayo kwa maoni yetu ndiyo bora hata kwao. Waswidi humkaanga heringi mdogo wa Baltiki kwanza, wakamwacha apoe, ndipo wakamloweka katika maji ya moja, mbili, tatu pamoja na vitunguu. Wajerumani hufanya hivyo hivyo. Na katika bara letu wenyewe, Waislamu wa Cape Town wenye asili ya nchi za mashariki wamekuwa wakipika samaki wa kukaanga aliyelowekwa katika siki, sukari, vitunguu na bizari, naye amekuwa chakula cha Pasaka cha wakazi wa mji huo, Wakristo na Waislamu. Hapa moto ndio umeshika zamu ya chumvi. Mnyoo hufa, vijidudu hufa, na siki inabaki na kazi nyepesi.

Kwa nyumba yenye watu sita hivi, chukua kilo moja ya minofu ya samaki mwenye nyama ngumu: nguru kwa watu wa pwani, sangara au sato kwa watu wa maziwa. Dagaa wabichi wakubwa wa Tanganyika, waliotolewa vichwa na matumbo, hupendeza kuliko wote, na hapo utakuwa umempika ndugu halisi wa heringi. Chagua samaki mwenye macho angavu na mashavu mekundu, na umwahishe nyumbani. Samaki wa ukoo wa heringi, vibua na jodari wakicheleweshwa katika joto hujifanyia sumu ambayo hata moto hauiondoi, wala siki. Mlaji huwashwa mwili, uso ukawa mwekundu, kichwa kikauma. Samaki wa kulowekwa asiwe yule wa bei ya jioni.

Mpake kijiko kidogo na nusu cha chumvi, mwache nusu saa, mfute maji, mviringishe katika unga wa ngano, na umkaange kwa mafuta yenye moto mpaka aive hata penye mfupa, nyama ikatika kwa uma bila kung'ang'ania. Mweke achuje mafuta. Katika sufuria nyingine tia vikombe 2 vya siki ya asilimia 5, kikombe 1 cha maji, robo tatu ya kikombe cha sukari, kijiko kidogo cha manjano, pilipili manga nzima 10, karafuu 4, kijiti kimoja cha mdalasini, na kipande cha tangawizi kilichokatwa nyembamba. Yakichemka ongeza vitunguu maji vikubwa 3 vilivyokatwa duara na karoti 1. Vitunguu visilainike sana. Dakika tano zatosha, ili viwe bado vyalia meno yakiviuma. Onja sasa. Asiyependa utamu mwingi apunguze sukari hata nusu, kwani kama tulivyoona, sukari haina zamu ya ulinzi. Siki isipunguzwe.

Panga samaki na vitunguu kwa tabaka katika bakuli la kioo, kisha mimina maji hayo yakiwa na moto. Yaweza kuwa na moto safari hii, kwa kuwa samaki amekwisha kuiva. Yafunike yote, kipande kinachochungulia nje ya siki ndicho kitakachoharibika kwanza. Yakipoa tia ndani ya jokofu, wala usiache mezani zaidi ya saa mbili. Kesho yake ladha itakuwa imeingia. Huliwa baridi kwa viazi, kwa muhogo wa kuchemsha au kwa mkate, na katika kota za kambini, ambako bwana aweza kurudi kutoka lindo saa nane za usiku, ni faraja kuwa na kitoweo kisichohitaji kuwashiwa jiko. Kimalizwe kwa siku nne.

Nyumba isiyo na jokofu ipike asubuhi yapoapo, na ile mchana huo huo. Ladha itakuwa nyepesi kidogo lakini tumbo litakuwa salama. Askari anayefungasha chakula cha doria asichukue kitoweo hiki katika mkebe. Kwa safari, dagaa waliokaushwa vizuri au ng'onda bado hawajapata mshindani.

Swali moja huulizwa na kila mwenye kubana matumizi: siki iliyobaki bakulini yaweza kulowekewa samaki wengine? Haifai. Imekwisha kunywa maji ya samaki wa kwanza na kupungua nguvu, nayo ina mabaki yake. Vitunguu na karoti vilivyomo viliwe pamoja na wali siku hiyo ya nne, na siki imwagwe.